Namba Yako Wamempa Mtu Mwingine, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua salamu hii haina wa kuiitikia, lakini ulinilea hivyo, na siwezi kuanza kusema na wewe bila kuitoa.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea, na mpaka leo mwili wangu haujatulia. Nilikuwa kazini, kule chuoni, nimeinama nyuma ya printa iliyogoma kuchapa mpaka iwekewe wino wa kampuni yake yenyewe. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaitoa. Pale tulipokuwa tukiandikiana mimi na wewe, chini ya ujumbe wako wa mwisho wa sauti, palikuwa na mstari mdogo ulioingia siku kadhaa nyuma bila mimi kuuona: "Msimbo wako wa usalama na Mama umebadilika." Kabla sijamaliza kuusoma, picha yako ikaondoka. Ile ya Idi, uliyojifunga mtandio wa zambarau ukakataa kucheka kwa sababu ya pengo. Mahali pake akaja mwanamke nisiyemjua, amesimama mbele ya magunia ya vitunguu, anacheka kwa meno yote. Na chini ya jina lako, Mama, pakaandikwa kwamba upo mtandaoni.

Nilikaa chini, palepale sakafuni. Mwenzangu wa ofisini akaniuliza, "Rehema, umepigwa shoti?"

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mambo haya nayajua. Ndiyo kazi yangu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huirudisha sokoni, ikauzwa upya kama chupa ya soda. Programu za simu nazo hazikujui wewe, zinaijua namba tu, na atakayeshika namba ndiye mtu. Nimewaeleza hayo walimu na wanafunzi mara nyingi, nikiwa nimesimama vizuri na kalamu yangu ya ubaoni. Lakini sikuwahi kuyaona yakimpata mama yangu.

Unakumbuka siku tulipokununulia simu yako ya kwanza ya kugusa? Tulirudi nayo Mafiga, ukaiweka juu ya meza ya cherehani, ukavaa miwani. Ikakuuliza kama umekubali masharti yao. Mimi nilinyoosha kidole nibonyeze, ukanipiga kofi la mkono.

"Subiri. Nakubali nini?"

"Masharti, mama. Kila mtu anakubali."

"Na nikikataa?"

"Simu haitafanya kazi."

Ukaitazama, kisha ukanitazama mimi. "Basi huyu haniulizi. Ananiamuru kwa adabu."

Ulikaa nayo mpaka kesho yake bila kubonyeza. Mimi nilicheka, nikawahadithia wenzangu chuoni, nao wakacheka. Na ile siku simu ilipojibadilisha yenyewe usiku kucha, ukaamka ukakuta kila kitu kimehamishwa, ulisema cherehani yako umeinunua kabla sijazaliwa na haijawahi kuamka asubuhi ikiwa imehamisha sindano. Ulitaka niwapigie wenye simu uwaulize nani aliwatuma. Nikakwambia hawapigiwi, mama, hawana mlango wa kubisha. Ukasema mfanyabiashara asiye na mlango ni wa kuogopwa.

Ulipofariki niliwaandikia wenye programu ile. Nilitaka waifunge akaunti yako kwa heshima, kwa sababu programu ilikuwa inanikumbusha nikutakie heri ya siku ya kuzaliwa, na kuniwekea puto za rangi. Walinijibu kwa ujumbe uliojiandika wenyewe. Wakasema kwa usalama wako, mwenye akaunti athibitishe ombi kwa msimbo uliotumwa kwenye simu yake. Mama, walitaka marehemu athibitishe kwamba amekufa. Niliusoma ujumbe ule tena na tena nikidhani sikuuelewa. Simu yako nikaizima, nikaiweka kabatini pamoja na khanga zako, na mambo yakaishia hapo.

Basi siku ile ya mwanamke wa vitunguu nilitoka nje, nikasimama chini ya ukuta wa maktaba nikaipiga namba yako. Ikaita. Hukuwahi kuchelewa kupokea, na yeye hakuchelewa.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Naitwa Rehema, niko Morogoro mjini. Samahani, dada, hiyo namba..."

"Rehema!" Akapaza sauti mpaka nikaiondoa simu sikioni. "Wewe ndiye Rehema wa Mafiga? Nimekutafuta jamani! Subiri nitoke hapa barabarani, malori yanapiga kelele."

Nikamsikia akimwambia mtu amwangalizie mzigo. Aliporudi akaniambia kuwa anaitwa Mama Neema, kwao Singida, anauza vitunguu pale Dumila njia panda. Laini amesajili juzijuzi tu. Tangu aiweke, watu wanampigia wakiulizia sare za shule, zile ulizokuwa ukiwashonea. Hao aliwazoea. Lakini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anamtumia sauti, ndefu, kwa lugha asiyoielewa.

"Nilitaka kumzuia, dada, nisiseme uongo. Kidole kilishafika. Halafu nikasikia analia. Nikasema mtu anayelia hivi, nikimfungia, ataenda kulilia wapi? Nikawa nasikiliza tu."

Nilijua ni nani. Mama mdogo Zainabu, kule Kinole, na ile simu yako ya kwanza ya kugusa, uliyompa uliponunua nyingine. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Hapana, dada, nisikilize kwanza. Jirani yangu hapa kijiweni ni Mluguru. Nilimpa asikilize, nikijua labda kuna tatizo. Akaniambia huyu anaongea na dada yake marehemu. Lakini ile ya mwisho..." Akashusha sauti. "Anasema ana uvimbe kwenye titi. Wa siku nyingi. Anasema hajamwambia mtu, na hataki Rehema wa Mafiga ajue, kwa sababu Rehema bado hajamaliza kukulilia wewe. Yaani, kumlilia mama yake. Nisamehe, dada. Ni siri ya watu. Lakini ningekaaje nayo?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka ukuta wa maktaba ulikuwa wa moto mgongoni, na wanafunzi walipita wakiniamkia, nami nikiwaitikia kama kawaida.

Asubuhi yake nikapanda kwenda Kinole. Unaijua barabara ile ukishapita Mkuyuni, pikipiki inakohoa, mawe yanaruka, na harufu ya karafuu zilizoanikwa inakupokea kabla ya watu. Nilimkuta mama mdogo nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikapiga magoti nikamwamkia. Hakuitikia haraka. Alinitazama usoni, kisu kikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Mama mdogo..."

"Nakuuliza, Rehema. Hakuna mtu anayejua. Nani kakwambia?" Akainuka, akaingia ndani, akarudi na simu. "Mwaka mzima namtumia dada sauti. Alama moja, ya kijivu. Nilijua hazifiki. Mimi si mwendawazimu, dada yangu nilimwosha kwa mikono hii. Nilikuwa nasema tu, kama mtu anavyosema makaburini. Juzi nikafungua." Akanionyesha. "Mbili. Na zimekuwa za buluu."

Mama, alama zile nimewahi kuzifundisha. Moja, ujumbe umetoka. Mbili, umefika. Buluu, umesikilizwa. Nilikuwa natazama mistari midogo ya rangi iliyochorwa na kijana fulani katika ofisi ya mbali yenye kiyoyozi, na mbele yangu mdogo wako amekauka midomo.

"Nilisema dada amesikia," akanong'ona. "Sasa na wewe umekuja. Kwa hiyo ni yeye?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini hukunilea kwa uongo, wala yeye. Nilimketisha kwenye kigoda, nikamweleza polepole: laini yako ilikatwa, ikauzwa, akaipata mama mmoja wa Dumila, na zile sauti zilizokwama zote zikamwangukia yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifunika uso kwa khanga.

"Yote? Amesikia yote?"

"Ya mwisho alitafsiriwa, mama mdogo."

Alipoifunua khanga hakuwa analia, alikuwa amekasirika. "Kwa hiyo namba ya marehemu wanampa mtu mwingine kama kitanda cha hospitali? Hata shuka hawabadilishi?"

Miaka yote hii nikisoma na kufanya kazi na mashine hizi, na swali la mama mdogo Zainabu wa Kinole halimo katika mafunzo yoyote niliyopewa. Hakuna aliyewahi kutuuliza mtu akifa, maneno aliyokuwa anaambiwa yaende wapi. Tunafundishwa kuyahifadhi, kuyafikisha haraka, kuyafunga yasiibwe njiani. Na kweli hayakuibwa. Yalifika salama salimini kwa mtu asiye mwenyewe.

Ilinichukua mchana kutwa kumshawishi ateremke. Alisema kahawa haijachumwa, kuku hawana mwangalizi, na hospitali ukienda mzima unarudi mgonjwa. Mwisho nikamwambia, "Ulimwambia mama kwa sababu ulitaka mtu ajue." Akaenda kufunga mlango wa banda la kuku.

Walimpima mjini. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, akamwita bibi, akamwamkia vizuri, na hilo lilisaidia. Majibu yalipotoka, nilishika kiti. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa bado haijatembea. "Mngekaa miezi mingine kabla ya kuja," daktari akasema, na hakumaliza. Walimfanyia upasuaji. Sasa analala kwenye kitanda chako hapa Mafiga, anaendelea na dawa, zinamtapisha na kumfanya mkali, ananigombeza kwamba wali wangu una maji. Nashukuru kila akinigombeza.

Nilimsimulia mwenzangu wa ofisini. Macho yakamng'aa. "Umeona teknolojia, Rehema? Wakilisikia hili wanalifanya tangazo la biashara." Nilimwangalia nikaogopa kama siku ile niliyokaa sakafuni. Kwa sababu ni kweli, wangelifanya. Wangeweka muziki laini na picha ya milima ya Uluguru, na maneno ya kutuunganisha sote. Lakini mimi najua namba ile ingeweza kumwangukia nani. Ingemwangukia mmoja wa wale wanaoandika "ile hela tuma kwa namba hii", angemjibu mama mdogo kwa jina lako, na mama mdogo angeuza hata kuku. Ingemwangukia mtu wa kucheka, akairusha sauti yake kwenye makundi, na nchi nzima ikamsikia Mluguru anayeongea na maiti. Mfumo usingejua tofauti. Ungeonyesha alama mbili za buluu vilevile.

Aliyetuokoa ni mwanamke mwenye vitunguu aliyerudisha kidole. Hakuna kampuni iliyomtengeneza.

Jumamosi iliyopita alikuja. Alishuka kwenye basi la Dodoma na kilemba cha njano, mgongoni mtoto, mkononi furushi la vitunguu. Mama mdogo alikuwa amekataa kabisa kumwona. Aibu, alisema, mtu amenisikia uchi. Lakini Mama Neema alipoingia hakusema pole nyingi. Alivua viatu, akakaa mkekani, akamwambia, "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia."

"Marahaba," mama mdogo akaitikia, akitazama pembeni. Kisha akauliza, "Ulisikia na ile ya mbuzi wa shemeji?"

"Ile sikutafsiriwa. Lakini ulicheka mwenyewe, nami nikacheka."

Mama mdogo akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Sijamsikia akicheka vile tangu tukuzike. Akaanza kumsimulia upya habari ya yule mbuzi, safari hii kwa Kiswahili, na mtoto wa Mama Neema akalala mapajani mwake.

Jioni, tukimsindikiza mgeni, mama mdogo akamshika mkono. "Sasa nisikutumie tena. Namba ni yako."

"Ukinyamaza nitajuaje kama umezima simu au umekufa? Tuma, mama. Ila kwa Kiswahili."

Jana nilimsikia chumbani akimtumia. Alikuwa anamwambia dawa zimemchosha, na kwamba siku hiyo amekula ndizi mbili. Sikusogea karibu kusikiliza.

Mama, bado nina hasira, na bado nashtuka kila simu ikitetemeka. Sauti zako ninazo. Nimezitoa kwenye programu yao nikaziweka mahali ambapo hakuna masharti ya kukubali. Namba nimeiandika upya kwenye simu yangu. Inaitwa Mama Neema wa Dumila. Nilipotaka kulifuta jina lako, kidole kiligoma, ikabidi nimwombe mama mdogo. Akauliza ni kipi cha kubonyeza, nikamwonyesha, akabonyeza huku amenishika bega.

Pumzika, mama. Mdogo wako yuko kwangu.

Mwanao,
Rehema