Nani Anaitumia Sauti ya Baba?

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Za huko? Mama anaendeleaje na kifua? Na shemeji, bado anagombana na kompyuta za watu pale kwenye kibanda chake? Mimi mzima, ila mikono imekunjamana kwa mvuke wa shuka. Hoteli imejaa, mashine za kufulia hazipumziki na sisi tunaozilisha hatupumziki. Nashukuru tu kwamba msimamizi anaturuhusu kuweka spika kwenye sikio moja.

Na hiyo spika ndiyo imenifanya nikuandikie. Ningepiga simu, lakini mimi na wewe tukipigiana tunaishia kupayuka, na jambo hili halitaki kelele.

Dada, kuna mtu anaitumia sauti ya Baba.

Unaijua podkasti yangu, ile unayoiita kikao cha watu wazima wanaolilia katuni. Msikilizaji mmoja alinitumia linki ya ukurasa usio na jina wala picha. Nikafungua. Ni ile katuni ya Kikosi cha Kutu, msimu wa mwisho ambao Baba hakujaliwa kuutafsiri. Picha zile zile za Kijapani, maroboti yale yale ya vyuma chakavu, na juu yake Baba anasimulia kwa Kiswahili kama alivyokuwa akifanya kwenye banda la video, amekaa nyuma ya pazia na kipaza sauti mkononi. Malkia Bisibisi anafoka, Jenerali Nati anajikweza, sauti zote mtu mmoja. Na Baba tumemzika mwaka juzi, kabla msimu huo haujatoka hata huko Japani.

Niliangusha shuka la mgeni sakafuni. Sikufichi, kwanza nilifurahi kama mtoto. Halafu nikaanza kujiuliza imetoka wapi. Siku hizi kuna programu za kompyuta. Ukizilisha kanda za mtu aliyekufa, zinamsemesha utakavyo. Lakini lazima uwe na kanda, na kanda za Baba ziko kwenye kabati lako.

Nani amelifungua? Nijibu upesi. Nisalimie Mama, ila usimwambie, atalia.

Ni mimi mdogo wako

*

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mama kifua kinambana asubuhi kisha kinamwachia. Shemeji yako yupo, na mimi niko dukani nakata vioo vya miwani mpaka vumbi lake nalinywa kwenye chai. Moyo wangu nao ulikuwa umetulia mpaka niliposoma barua yako.

"Ziko kwenye kabati lako." Umeandika kama askari wa upelelezi. Haya, afande, kabati nimelifungua. Kanda zote zipo. Nilitegemea kuzikuta na vumbi, sikulikuta, na hilo limenikera kidogo, lakini huenda ni Mama na kitambaa chake, maana huyo hata balbu anazifuta.

Sasa na mimi nikuulize. Nani alikuja likizo akakesha hapa sebuleni akizinakili zote kwenye kompyuta yake? Nani alilia hewani, mbele ya wasikilizaji wake wote, kwamba angetoa chochote amsikie Baba akiimaliza Kikosi cha Kutu? Mtu mwenye njaa ya namna hiyo anaweza kujipikia mwenyewe, kisha akauliza harufu inatoka wapi. Podkasti yako inataka wasikilizaji, na hii ni njia nzuri ya kuwapata. Kama ni wewe, sema sasa, tutagombana yaishe.

Ile linki uliyonitumia kwenye simu nimeifungua nikaisikiliza. Nilikaa kwenye stuli, mteja ananisubiri na fremu yake mkononi. Ni Baba kabisa. Ndiyo maana nina hasira.

Dada yako

*

Tarehe 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini hasira zimepoa, maana zangu bado. Mimi niitengeneze sauti ya Baba? Mimi niliyegombana na nusu ya wasikilizaji wangu kwa sababu walitaka kubadilisha rangi ya kofia ya Jenerali Nati kwenye fulana zao? Mimi ni mshabiki, dada. Mshabiki haghushi.

Sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipomshika mwizi. Katika sehemu mpya, mbwa wa Jenerali Nati anaitwa Spana. Kwenye kanda zote za Baba mbwa yule hana jina. Nimezirudia zote, nazijua kuliko nyimbo za shule. Jina la Spana Baba alilitaja mara moja tu, hapa nyumbani, ulipokuwa unaumwa surua, akatusimulia Kikosi cha Kutu bila video, wewe umelala na mimi nimekaa miguuni pako. Hakuna aliyerekodi. Kwa hiyo tunaolijua ni Baba, Mama, wewe na mimi. Baba hayupo. Mimi siyo. Mama simu yenyewe anaishika kwa vidole viwili kana kwamba itamng'ata.

Umebaki wewe, na nakubali kwamba wewe kompyuta huiwezi. Lakini unalala na mtu anayeiweza. Je, hukumsimulia shemeji habari za Spana hata siku moja? Mchunguze. Taratibu, asishtuke.

Ni mimi mdogo wako

*

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya kazi uliyonipa, na laiti nisingeifanya.

Barua yako niliichana kwa hasira. Kumchunguza mume wangu! Lakini neno likishaingia kichwani halitoki kwa kuchanwa. Nikaanza kumtazama. Ni kweli, habari za Spana nilimsimulia, tulipokuwa wachumba, nikijitapa kuhusu Baba. Kisha nikaona kibanda chake anakifunga saa ya mchana, jambo ambalo hakuwa nalo. Nikaona godoro letu kuukuu, lile la wageni, limehamia stoo na kuegemezwa ukutani. Nikamwuliza la nini. Akasema ni unyevu. Mvua yenyewe hatujaiona tangu mwaka uanze.

Juma lililopita nikarudi mapema kutoka dukani. Nikamkuta anatoka stoo akirudishia mlango nyuma yake. Nikamwuliza unafanya nini humo, akasema anatafuta panya. Mfuko wa suruali umetuna. Nikaingiza mkono nikatoa kipaza sauti. Tangu lini panya akatafutwa kwa kipaza sauti?

Hakubisha. Alisema tu, "Mke wangu, kuna mambo si yangu kuyasema." Basi. Tangu siku hiyo namwekea chakula mezani bila neno, na yeye anakula bila neno, na jana amelala sebuleni. Kinachonishangaza ni Mama. Anamtetea! Eti, "Mwache mwenzio, hana kosa." Nahisi amemlaghai na Mama pia.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usiseme lolote kwenye podkasti yako mpaka nimbane aseme yote. Ni ndoa yangu hii, si katuni.

Dada yako

*

Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako imenikuta nimeshasema.

Usinikasirikie. Wasikilizaji walikuwa wamegawanyika, nusu wanamwabudu mwenye ukurasa ule, nusu wananiuliza mimi mwana wa mtafsiri nina msimamo gani. Juzi nilikuwa na kipindi maalumu. Nikaziweka sauti mbili bega kwa bega, Baba wa zamani sikio la kulia na huyu mpya la kushoto. Nikawaonyesha jinsi huyu mpya anavyokatika pumzi katikati ya maneno, anavyovuta hewa kwa kukoroma Malkia Bisibisi anapotoa hotuba. Nikasema hii ni mashine iliyofundishwa kukoroma, na imefundishwa vibaya. Nikauiga ule mkoromo. Watu walicheka sana, sijawahi kupata kipindi kilichosikilizwa hivyo.

Nikamaliza kwa kusema mwizi yuko ndani ya familia yetu na mimi namjua. Shemeji sikumtaja. Mwenyewe atajijua.

Ukweli ni kwamba sijisikii vizuri. Niandikie.

Ni mimi mdogo wako

*

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali yako leo. Soma mpaka mwisho.

Siku kipindi chako kilipotoka nilirudi nyumbani nikakuta sufuria linaungua jikoni. Mama hakuwapo jikoni. Nilimkuta amekaa kwenye mlango wa stoo, simu ya shemeji yako iko mapajani, na wewe unakoroma ndani ya simu na watu wako wanacheka. Kumbe kila kipindi chako huwa anasikiliza. Shemeji yako ndiye humfungulia, kila kinapotoka, tangu ulipoanza. Mama yako hakosi hata kimoja.

Nikataka kuizima. Akanishika mkono. Akasema, "Huyo anayekoroma ni mimi."

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kwa sababu pumzi zilikuwa zimembana. Unakumbuka Baba alivyoanza kunong'ona nyumbani, tukaambiwa anaitunza sauti kwa ajili ya kazi? Hakuwa na sauti ya kutunza. Koo lilikuwa limeharibika, daktari amemkataza kusema. Na banda limejaa watu waliokwishalipa. Mama akaingia nyuma ya pazia, akashika kipaza sauti. Sauti ya Mama unaijua, wageni wakipiga simu humwamkia "shikamoo baba" na yeye huitikia. Miaka yote alikuwa amekaa pembeni ya Baba akimsikiliza, kila mkato wake anaujua. Hakuna aliyegundua. Siku ya pili akaingia tena. Kikosi cha Kutu yote, mdogo wangu, kutoka mwanzo, ni Mama. Baba hakuwahi kuisimulia hata sehemu moja. Ile unayoiita sauti ya Baba wa zamani, uliyoiweka kulia na kumkejeli huyu wa kushoto, ni yeye huyo huyo akiwa na kifua kizima. Hata siku ya surua, Baba alikuwa anatuchezea vivuli vya mikono ukutani. Aliyekuwa anasema ni Mama, kwenye kiti nyuma yetu.

Baba alitaka kuwaambia watu, Mama akakataa. Alisema jina la Baba ndilo linalotulisha.

Na sasa amerudi kwa ajili yako. Alikusikia ukilia kwamba ungetoa chochote hadithi imalizwe. Akamwapisha shemeji yako asifungue mdomo, wakaweka godoro ukutani sauti isisikike nje, akawa anajifunika blanketi humo stoo kwa joto hili, na kifua kile. Nikamwuliza, mbona hukutuambia? Akasema, "Nilitaka mwanangu anitambue mwenyewe."

Ilikuwa imebaki sehemu moja tu, ile ya mwisho kabisa. Amemwambia shemeji yako afute kila kitu kwenye ule ukurasa, naye amefuta. Mimi nimempigia magoti mume wangu. Amenisamehe, ila bado anacheka kwa uangalifu.

Dada yako

*

Tarehe 16 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya marobota ya taulo, msimamizi ananiita na mimi siitiki. Nimepiga simu mara nyingi, Mama hapokei. Shemeji amepokea, nimemwomba radhi, akasema, "Yameisha, bwana." Yeye ni muungwana kuliko mimi.

Naona aibu mpaka nashindwa kula. Mimi ninayejidai kutambua katuni yoyote kwa kuona kivuli cha mhusika, mama yangu alinisemesha sikioni nikamwita mashine. Nilimhesabu kati ya wanaolijua jina la Spana, nikamtoa kwa sababu hajui kushika simu. Sikuwaza hata dakika moja kwamba anaweza kuwa ni yeye.

Nimekifuta kile kipindi. Nimerekodi kingine, kifupi, mimi peke yangu. Nimewaambia wote ukweli, kwamba mtafsiri wa Kikosi cha Kutu ni mama yangu, kwamba yuko hai, na kwamba nimemkosea. Hakuna muziki wala mzaha ndani yake. Mfungulieni asikilize. Mwambieni namwomba amalizie ile sehemu moja, akorome anavyotaka, akatike pumzi anavyotaka. Siitaki kwa ajili ya wasikilizaji. Naitaka mimi.

Tafadhali niandikie atakachosema, neno kwa neno.

Ni mimi mdogo wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, kifua cha Mama kimepata nafuu kidogo.

Hakutaka kusikiliza mpaka jana. Shemeji yako alimfungulia baada ya chakula, mimi nikiwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akaomba kirudiwe. Kikarudiwa. Uso wake haukubadilika.

Umeomba neno kwa neno, basi haya hapa. Aliniuliza, "Huyu ni mwanangu kweli, au ni ile mashine?"

Nilidhani anakukomoa. Nikamtazama vizuri, hakuwa anatania. Akasema, "Sauti ni yake. Lakini si yeye mwenyewe aliyesema siku hizi sauti inatengenezwa? Mtu akitaka kunituliza atashindwa nini kumwambia mashine iniombe radhi?"

Nikamwambia, Mama, ni yeye, namjua mdogo wangu. Akasema, "Na mumeo pia ulidhani unamjua."

Kisha akamrudishia shemeji yako simu yake, akaenda kulala.

Omba ruhusa kazini uje.

Dada yako