Mtambo Haukuwa na Moto

KITUO CHA POLISI DUBRAVAC
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gvozden Lazović
Umri: Miaka 54
Kazi: Mkulima wa plamu; msimu wa mavuno hupika rakija, pombe kali ya plamu
Makazi: Kijiji cha Krušik, nyumba ya mwisho kabla ya daraja
Tarehe na saa: Jumapili, 14 Oktoba 2018, saa 4.00 asubuhi
Mbele ya: Inspekta Biserka Tomić

Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema kweli, tena kwa ufupi. La kwanza naliweza.

Namfahamu Radisav Lukić, miaka 49, tangu tukiwa watoto. Mimi ni kum wake. Nilisimama ubavuni mwake kanisani alipomwoa Dobrila, nikatia saini ya ushahidi, na tangu siku hiyo wote wawili huniita kum. Radisav hupiga kodiani kwenye harusi. Ni mtu mkubwa, kilo mia na ushei, na akicheka vikombe hutikisika mezani.

Dobrila ana wivu. Kijiji kizima kinajua na hakuna aliyeona ni kosa. Radisav akija kwangu kwenye mtambo wa kupikia rakija, haupiti muda simu yangu inalia. Dobrila huuliza yuko na nani, amekaa upande gani, kisha hutaka asikie sauti yake. Wenzetu walimpachika jina la Bwana Harusi. Simu ikilia walimwambia, "Bwana Harusi, nenda nyumbani ukanuswe." Naye alikuwa akicheka, anachukua kofia, anaondoka.

Ni lazima niseme kwamba mimi nilimwonea kijicho. Inspekta ameuliza kama hilo linahusu kesi. Naona linahusu. Mke wangu Stamena hajawahi kunionea wivu hata kwa bahati mbaya. Mwaka mmoja nilirudi kutoka mnadani na rangi ya mdomo kwenye kola, alama ya binti wa mjomba aliyenibusu kwa kunisalimia. Nilikaa jikoni nikingoja kugombezwa. Stamena alinipa sabuni. Nikawaza kwamba Radisav angerudi na kola hii leo, nyumba ingewaka moto. Mwenzangu ana mke anayemwona ni dhahabu, mimi wangu ananiona ni nguo chafu. Na hapa kwetu husemwa kwamba mke asiye na wivu hana mapenzi. Nami nilisema hivyo mara nyingi, mbele ya Radisav mwenyewe.

Mwezi wa Aprili mivukuto ya kodiani yake ilikatwa. Alituambia ni panya. Niliamini, hata nikampelekea mtego. Stamena alisema, "Panya gani huyo anakata kwa mstari kama fundi cherehani?" Nikamjibu kwamba wanawake hupenda kukuza mambo.

Mnamo Jumanne tarehe 9 Oktoba, sufuria ya shaba ya mtambo wangu ilipata ufa chini. Siku hiyo hiyo niliipeleka mjini kwa mfua shaba, na anayo mpaka leo. Krušik kila mtu anajua, kwa sababu plamu zao zimechacha kwenye mapipa, wanangoja zamu, na wananilaumu kama mimi ndiye niliyeipiga sufuria teke.

Jumatano tarehe 10, mnamo saa 10 jioni, Radisav alipita kwangu kuuliza kuhusu hiyo sufuria. Alikuwa na koti na kola imefungwa mpaka kidevuni ingawa kulikuwa na jua. Alipoaga nilimtia dunja moja mfukoni. Ni tunda la njano, kama peasi kubwa, ambalo sisi huliweka juu ya kabati linukishe nguo. Mti wangu uko nyuma ya choo na mwaka huu umezaa mpaka aibu.

Saa 11.30 jioni simu ililia. Alikuwa Dobrila. Aliuliza, "Kum, hili dunja la nani?"

Nikasema, "Langu. Nimempa mimi."

"Mwanaume hampi mwanaume mwenzake dunja."

"Mimi nimempa, Dobrila. Njoo uuone mti."

Akasema mjane Nada pia anao mti, na kwamba ninamfichia kwa sababu wanaume sote chungu chetu kimoja. Nyuma yake nilisikia kitu kikitokota. Siku hizi kila ua una sufuria ya jamu ya plamu motoni, kwa hiyo sikushangaa. Kisha nikamsikia Radisav, taratibu kabisa, kama anayemwambia mtoto: "Dobrila, iweke hiyo chini." Simu ikakatwa. Nilidhani anasema dunja.

Nilimsimulia Stamena huku nikicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi tarehe 11 asubuhi tulipata habari kwamba Radisav amelazwa. Ameungua shingo, bega na mkono wa kushoto. Kumbe alimweleza daktari kwamba mvuke umemlipukia kwenye mtambo wangu. Alikuwa ananuka plamu mwili mzima, na daktari si mtu wa Krušik, akaamini.

Ijumaa tarehe 12, saa 3 asubuhi, akaja mkaguzi wa usalama kazini na utepe wa kuufungia mtambo. Alikuta jiko lina majivu baridi, na mahali pa sufuria amelala paka wetu na watoto wake. Akauliza sufuria iko wapi. Nikamwambia iko mjini tangu Jumanne. Akamtazama paka, akanitazama mimi, akaondoka na utepe wake. Hapo ndipo nilipoelewa ni nini Radisav aliomba kiwekwe chini.

Siku hiyo hiyo saa 9 mchana nilikwenda wodini. Nilimuuliza kama ni jamu. Akasema, "Kum, sema ni mtambo. Nikitaja mke, watanicheka mpaka kwenye jeneza."

Nikamwambia jambo ambalo nadhani wengi watalisema, kwamba yeye ni kilo mia na Dobrila hafiki sitini, angemshika tu mikono.

Akasema, "Nilimshika mwaka juzi. Alama zikabaki kwenye mikono yake. Akazionyesha dukani. Wiki nzima hakuna aliyenisalimia."

Ni kweli. Mimi pia sikumsalimia wiki ile.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Stamena kwamba lazima kuna kitu Radisav alifanya, mtu hamwagiwi jamu bure. Stamena alikuwa anamenya viazi. Akauliza, "Angekuwa Dobrila ndiye wodini, ungeniuliza alifanya nini?" Viazi vilikuwa vimebaki vingi, nikakaa nikamenya. Baadaye nikamwambia namshukuru kwa ile sabuni. Akasema, "Sabuni gani?"

Jana Jumamosi, saa 5 asubuhi, Dobrila alikuja kwetu na chupa ya jamu mpya. Alikuwa analia, na sidhani kilikuwa kilio cha bandia. Alisema daktari anamruhusu Radisav Jumatatu, kitanda ameshatandika, kilichobaki ni mimi kusema sufuria ilirudi na mtambo uliwashwa. Nikamwambia mtambo haukuwa na moto. Akasema, "Wewe ulisimama kanisani, kum. Nampenda. Kuna nani mwingine hapa anampenda mumewe hivi?" Akamtazama Stamena.

Stamena akasema, "Mimi wangu sijamchoma."

Jumatano mwanamke huyu alikataa ukweli wangu juu ya tunda moja. Jumamosi alitaka nimpe uongo wa sufuria nzima. Chupa hiyo nimekuja nayo, ipo mezani kwa Inspekta, haijafunguliwa.

Askari wa mapokezi alitabasamu niliposema aliyeumizwa ni mume. Simlaumu, nilikuwa natabasamu hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Naomba tu Radisav asirudishwe kwenye ua ule kesho. Chumba chetu cha juu kiko tayari, na kabati lina madunja ya kutosha.

Inspekta ameniuliza kama nitayarudia haya mahakamani wote wawili wakiwepo. Nitayarudia. Walipooana nilitia saini yangu kwa ajili yao, na hakuna aliyeniambia kazi imekwisha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nimeyasema kwa hiari yangu.

Saini ya shahidi: G. Lazović

KUMBUKUMBU YA MPOKEA MAELEZO: Shahidi amesomewa maelezo haya, akakiri ni sahihi. Aliomba neno "kijicho" lifutwe, kisha akaomba liachwe. Leo saa 10.20 jioni nimemsomea majeruhi Radisav Lukić wodini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kum wake ametia saini. Nilimwonyesha. Akasema, "Basi lete karatasi nyingine. Nami nina yangu."

Saini: Insp. B. Tomić