Kalina Halali Bila Pipa

"Wakati wa theluji, mke na mama mkwe hugombana kwa sababu wamefungiwa ndani pamoja. Mwanamume hahusiki. Yeye ni mhanga tu, na anachostahili ni kuachwa asome gazeti lake." Maneno haya aliyaandika mwenzangu Bwana Lyuben katika gazeti hili hili, ukurasa wa sita, wiki mbili zilizopita, na nimeambiwa kuna wanaume hapa Samokov walioikata makala ile wakaibandika kwenye mlango wa friji. Nimenyamaza wiki mbili. Si kwamba nilikosa la kusema. Wanaonijua wanajua hilo halijawahi kunitokea. Nilikuwa nangoja ushahidi. Jumatatu tarishi aliniletea ushahidi wenyewe, kurasa nne za maandishi ya mkono, zikinuka kabichi. Nauweka hapa karibu kama ulivyo.

*

Bi Nevyana mpendwa, nakuandikia nikiwa ndani ya gari letu lililofukiwa na theluji hadi madirishani, mke wangu anaamini nalifukua, na kweli sepetu ninayo hapa kiti cha nyuma, lakini sina mahali pengine pa kukaa peke yangu nikafikiri, na nakusihi unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili mama yangu anakuja kula chakula cha mchana na mke wangu ameshasema siku hiyo ama pipa litoke ama atoke yeye.

Mimi na mke wangu Gergana tuna binti wa miezi minane, Kalina, na tunaishi ghorofa ya nne, vyumba viwili na roshani moja, na roshani hiyo ndiyo chanzo cha yote, maana inatosha kitu kimoja kikubwa na sisi tunavyo viwili. Cha kwanza ni kigari cha Kalina, kwa sababu daktari alimwambia Gergana kwamba mtoto akivalishwa vizuri hulala vyema mchana kwenye hewa baridi, na Gergana akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Cha pili ni pipa la kabichi la mama yangu, Stoyanka, lita sitini, alilolileta Novemba, kwa sababu roshani yake mwenyewe aliizungushia vioo akaifanya jiko na sasa kwake hakuna mahali pa baridi pa kuchachushia kabichi, na stoo ya chini ya jengo letu inapitiwa na mabomba ya kupasha nyumba joto, humo kabichi ingelainika kama uji. Basi pipa likakaa roshanini na kigari kikabanwa ubavuni mwake, mlango haufunguki wote, tunapita upande upande, na nguo za Kalina zinanuka kabichi hata nesi wa kliniki aliuliza kama ni dawa ya kienyeji.

Mama anasema mtoto ndiye aingie ndani akalale karibu na joto na pipa libaki, mke wangu anasema pipa ndilo liende na mtoto abaki, na mimi nasema wote wana hoja. Januari baridi ilipozidi mama alikuja akachukua blanketi la Kalina la sufu akalifunga pipa. Gergana akamuuliza anafanya nini, na mama akajibu kwa utulivu kabisa: "Mtoto ana nguo saba, mkwe wangu. Pipa halina hata moja, na likiganda mtakula nini?" Hawakusemeshana siku nne, wakawa wanatumana kupitia kwangu, hata chumvi mezani mama alipokuja kula.

Sasa naja kwenye dhambi yangu. Unajua pipa halitaki kuachwa, maji yake ya chumvi lazima yapulizwe kila siku ili yachanganyike, na kazi hiyo nilipewa mimi, natumbukiza mpira mrefu wa maji hadi chini napuliza kwa mdomo mpaka juu yanatoka mapovu. Siku moja ya Desemba Gergana alikuwa anaoga, Kalina yuko roshanini analia kwa nguvu zote, mimi sijui la kufanya, nikasema angalau nipulize pipa, na pipa lilipoanza kububujika mtoto akanyamaza, akasikiliza, akalala. Kesho yake nikajaribu tena, dakika tano za kupuliza, akalala saa mbili. Siku ya tatu sikupuliza, makusudi, na alilia mpaka Mzee Metodi wa ghorofa ya tano akagonga bomba la joto kwa kijiko. Tangu hapo napuliza kila mchana, Bi Nevyana, wiki ya tisa sasa, natoka ofisini mbio wakati wa chakula kwa kuwa ni karibu, na hakuna anayejua kwa nini.

Gergana anajua napuliza lakini anadhani ni kwa ajili ya mama. Juzi aliniambia, "Huo mpira unaubusu kuliko unavyonibusu mimi." Mama naye anaona kabichi iliiva tangu Krismasi na bado napuliza, anafuta machozi, anawaambia majirani mwanawe analipenda pipa la mama yake. Nikisema ukweli, mama ataimba miaka thelathini kwamba pipa lake ndilo lililomlea mjukuu. Na Gergana, hapa ndipo ninaposhindwa, Gergana amewaambia akina mama wote wa jengo letu kwamba hewa baridi ndiyo siri ya usingizi wa Kalina, ni jambo la kwanza tangu tuoane ambalo mama yangu alikosea na yeye akapatia, na Kalina anapolala Gergana husimama nyuma ya kioo anamtazama, uso unang'aa, na mimi nimesimama kando na mpira mkononi siwezi kumwondolea furaha hiyo.

Lakini pipa likiondoka Kalina atalia, na lisipoondoka Gergana atamchukua aende kwa mama yake mjini Ruse hadi theluji iyeyuke, na wewe unajua huku inayeyuka lini. Niseme nini, na nimwambie nani kwanza? Tafadhali badilisha majina, maana mke wangu hukusoma kila Alhamisi, hununua gazeti saa nne asubuhi akirudi kumtembeza mtoto.

Mpuliza Pipa, Samokov

*

Kijana, kwanza toka garini ulifukue. Umeniandikia kurasa nne. Kwa muda huo ungekuwa umeshafika kwenye magurudumu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka hadi binti yangu akaja kuona kuna nini. Kisha nilikasirika. Kwa wiki tisa wanawake wawili wanaokupenda wamerushiana maneno kuhusu swali ambalo jibu lake lilikuwa mdomoni mwako, kihalisi, upande wa pili wa mpira. Unasema wote wana hoja. Huo ni uvivu uliovaa koti la busara. Ungesema neno moja Desemba, blanketi la Kalina lingebaki kwa Kalina. Halafu Bwana Lyuben anatuandikia kuhusu mhanga na gazeti lake.

Sentensi moja tu imekuokoa na ulimi wangu, ile ya mkeo amesimama nyuma ya kioo uso ukimng'aa. Mwanamume anayeliona hilo bado hajaharibika. Lakini umeliona ukalielewa vibaya, kwa sababu hesabu rahisi imekushinda. Unapuliza dakika tano. Kalina analala saa mbili. Hiyo saa moja na dakika hamsini na tano nani anamlaza? Wewe umesharudi ofisini. Pipa limenyamaza. Kilichobaki pale nje ni mtoto aliyevalishwa vizuri na mama yake, na hewa baridi. Mapovu yanamfungulia mlango tu; usingizi wenyewe ni wa Gergana. Hakuna unachomwondolea. Ungemwambia mapema angekuwa na jambo jingine la kuwasimulia akina mama wa jengo, na la kuchekesha zaidi.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuliandika. Kwa nini katika wiki tisa hujawahi kujaribu ndoo? Ndoo, kijana. Maji ya bombani, mpira uleule ukishauosha, puliza. Kalina hajui kabichi ni nini; anachokijua ni sauti ya mapovu na baba yake kando. Mtu anayekimbia kutoka ofisini kila mchana ana akili ya kutosha kufikiria ndoo. Hukuifikiria kwa sababu ulikuwa unapenda kuwa wewe peke yako ndiye unayeijua siri ya kumlaza. Nakuelewa. Baba wa mtoto mchanga hupewa kazi za kubeba na kufukua, na wewe ulipata kazi moja ya kubembeleza ukaificha kama peremende. Sasa imetosha. Mfundishe na mkeo kupuliza.

Kuhusu mama yako. Bi Stoyanka, najua unanisoma pia, basi nakwambia wewe moja kwa moja. Uliitaka roshani yako iwe jiko, ukaipata, hongera. Kisha ukachukua ya mkweo. Mimi nami nina pipa, na najua tangu Desemba kabichi yako haihitaji tena roshani ya mtu. Nusu yake mmeshaila, iliyobaki inaingia kwenye mitungi kumi ya kioo na kukaa nje ya dirisha lako kama ya kwetu sote. Wala sidhani ni kabichi iliyokupandisha ngazi za ghorofa nne mara kwa mara kwa magoti ya umri wetu. Ulitaka sababu ya kuja. Mjukuu anatosha kuwa sababu. Blanketi rudisha, likiwa limefuliwa.

Jumapili itakuwa hivi. Mama anakula, anasifiwa kwa kabichi, maana naamini ni nzuri. Baada ya kahawa wewe, si mama wala Gergana, unalifunga pipa kwenye kiteleza cha theluji cha mtoto na kulivuta mchana kweupe hadi kwa mama yako, watu wote wakuone. Kabla ya kushuka, panda ghorofa ya tano umpe Mzee Metodi kabichi mbili kubwa. Amevumilia mengi huyo, na kijiko chake kipumzike.

Umeuliza umwambie nani kwanza. Swali hilo halikustahili stempu. Mwambie mkeo. Na hapa nina habari ambayo hutaipenda. Majina nimeyabadilisha yote, la mtoto pia, kama ulivyoomba. Pipa sikuweza kulibadilisha. Wala mpira, wala blanketi, wala kijiko cha jirani. Gazeti hili linafika vibandani saa moja asubuhi, na umeniambia mwenyewe mkeo hulinunua saa nne. Una saa tatu. Kama unasoma mistari hii ukiwa kazini, inuka sasa hivi, mwambie bosi wako una dharura ya kabichi, nenda umkute njiani kabla hajafika kibandani, ushike kigari umsukumie, na uanzie siku ile ya Desemba alipokuwa anaoga. Atakasirika. Kisha atataka kuona ndoo ikifanya kazi. Iwe imeshajaa maji.

Nanyi wanaume wa Samokov mlioibandika makala ya Bwana Lyuben kwenye friji: ing'oeni leo, kabla ya chakula cha jioni. Kisha kila mmoja wenu amwendee mke wake amwambie lile jambo moja analolijua na amelificha miezi yote hii ya baridi kwa jina la amani ya nyumba. Mkikosa ujasiri, niandikieni mimi. Majina nitabadilisha.