Royce Tillery: Siku ya Mwisho Uliyotuahidi

Mwaka umetimia, Royce, tangu moyo wako uliposimama ukiwa mezani Ikulu, muhula wako ukiwa umebakiza wiki chache tu.

Taifa linamkumbuka Rais wake. Sisi tunakukumbuka wewe, mwalimu wa kilimo kutoka Arkansas, uliyegombea umeya kwa hasira ya daraja bovu, ukawa gavana, kisha ukaapishwa Washington ukiwa na viatu ulivyovipiga rangi mwenyewe. Hata Ikulu ulikula mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye mtindi, kwa kijiko, umesimama. Wapishi walikuonea huruma.

Wajane wa askari uliwapigia simu mwenyewe, ukalia nao. Ndiyo maana mpaka leo hatuelewi.

Kila Novemba, kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ulisimama bustanini mbele ya kamera ukamsamehe bata mzinga asichinjwe. Mara ya mwisho Mama hakucheka.

"We Royce, bata mzinga umemsamehe. Mdogo wako je?"

Clell, kitinda mimba wetu, alifungwa na mahakama ya shirikisho kwa kesi ya bangi kabla hujawa Rais, na katika nchi nzima ni wewe tu uliyeweza kumsamehe.

"Subiri, Mama. Nikimtoa sasa watasema Ikulu nimeifanya ya ukoo. Siku ya mwisho, kabla sijakabidhi, nasaini."

"Haya. Ila ngojangoja huumiza matumbo."

Ulimbusu, ukarudi kazini. Kabla ya Krismasi tukakuzika kwa mizinga na bendera, na Clell akakuangalia kwenye televisheni ya gereza. Aliyeshika nafasi yako alitupa pole, basi.

Tunakupenda, na tumekukasirikia, na hatuna wa kumwambia. Novemba hii bata mzinga mwingine kasamehewa. Wafungwa wenzake wakamtania: "Clell, ungeota manyoya saa hizi ungekuwa nje!" Alipotusimulia alicheka. Mama alishindwa.

Unakumbukwa na mkeo Lenora, binti yako Bettina, mama yako Opal, ambaye sasa hainuki kitandani bila kushikwa, na mdogo wako Clell, anayekuombea akiwa ndani.

Kukusahau hatuwezi, Royce. Siku ya mwisho ilifika. Wewe hukuwepo.