Begi Nililolisifu

Na si kwamba begi lenyewe ni baya. Nilisema hapa hapa mwezi uliopita kwamba ni zuri, na leo bado nasema ni zuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Leo ni Alhamisi, Julai, na hapa Mweiga hatujaliona jua tangu Jumatatu. Ukungu umeshuka kutoka milima ya Aberdare mpaka uani. Kwenye kamba kuna shati moja la Wachira nililofua siku aliyoondoka. Sijalianua. Hata likikauka, hakuna wa kulivaa.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Wachira ni mume wangu. Tulioana Aprili, na bado nikiandika maneno hayo mawili, mume wangu, natabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi asijue aiweke wapi. Ni askari wa wanyamapori katika hifadhi ya vifaru iliyo upande wetu huu. Kazi yake ilikuwa siku tano porini na bunduki, kisha siku mbili nyumbani, kwa sababu chakula walichobeba kilikuwa cha siku tano.

Siku hizo mbili ndizo nilizoziishi. Nyingine zilikuwa za kungoja, lakini kungoja siku tano kuna utamu wake. Unasuka nywele, unafagia, unahesabu, na kabla hujachoka kuhesabu unasikia buti kwenye changarawe.

Basi mwezi uliopita hifadhi ikaleta begi jipya la mgongoni, moja tu, lijaribiwe kabla mengine hayajanunuliwa. Sajini akampa Wachira alijaribu kwa sababu ndiye mrefu kuliko wote. Akaja nalo nyumbani, rangi ya majani makavu, kubwa kiasi kwamba ukimtazama kwa nyuma huoni mtu, unaona begi lenye miguu. Ubavuni lina mfuko mrefu wa kutia bunduki wakati askari anahitaji mikono yote miwili, kama kuvuka mto au kupanda penye mianzi. Ndani kuna mifuko ya magazini za risasi, ya darubini, ya kichupa cha mafuta na ufito wa kusafishia mtutu.

Bunduki yenyewe haiji nyumbani, hufungiwa ghalani kule kituoni. Kwa hiyo tulitumia mpini wa jembe tulilopewa siku ya harusi, urefu wake ukikaribiana na wa bunduki. Magazini zikawa mawe niliyoyafunga ndani ya soksi.

Sijawahi kucheka kama nilivyocheka wikendi ile.

Yeye alikuwa anatembea uani, mimi nikipiga makofi anachomoa. Mara ya kwanza mpini ulinasa kwenye mkanda, akazunguka kama mbuzi aliyejifunga kamba.

"Ningekuwa jangili, ungekuwa umeshakufa," nikamwambia.

"Ungekuwa jangili, ningejisalimisha," akasema.

Kufikia mara ya kumi mpini ulikuwa mkononi mwake kabla makofi yangu hayajanyamaza. Tukalijaza waru, viazi vyetu vya shambani, akapanda nalo mlima ulio nyuma ya shamba, mimi nikimfuata nione mkanda wa kiunoni unavyopokea uzito. Bega lake la kushoto, lile linalomsumbua tangu aanze kazi, halikulalamika hata kidogo. Tukarudi, nikalimwagia begi mtungi mzima wa maji. Nikatia mkono ndani. Kukavu.

Kisha nikafika kwenye kufungasha, na hapo ndipo majivuno yaliponiingia. Nilisoma bweni miaka minne, nikaishi na sanduku moja la bati. Najua kupanga vitu. Unga nikaufunga kwenye mifuko midogo iliyolala bapa kama vitabu. Ndengu nikazitia ndani ya kikombe, majani ya chai ndani ya soksi safi, sukari ndani ya sufuria, sufuria ndani ya blanketi. Kila pengo nikalijaza. Nilipomaliza, ndani mlikuwa na chakula cha mtu mmoja cha siku ishirini na moja, na zipu ikafunga bila kulazimishwa.

Kitu kimoja tu kilikataa: mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja. Wachira anapenda mukimo wangu kupita chakula chochote, lakini ukiutia begini leo, kesho umechacha.

Maitu, mama yake Wachira, tunayeishi naye boma moja, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Unamfungasha kama mtu anahama," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananisifu.

Jumapili jioni Wachira akatoa fomu ya maoni. Chini ya kila swali alikuwa ameandika kitu kimoja: Begi ni nzuri. Nikaona haya kwa niaba yake. Mume wangu anajua kifaru amepita saa ngapi kwa kutazama nyasi zilivyolala, halafu mkubwa asome "begi ni nzuri" na kudhani hana kichwa? Nikamwomba karatasi nyingine. Insha zangu mwalimu alikuwa akiwasomea darasa zima. Nikaandika kurasa mbili, kwa mwandiko wangu bora, kwa mapenzi yangu yote. Nikaeleza mikanda, sponji ya mgongoni, zipu, namna bunduki inavyotoka kwa mkono mmoja. Na katika nafasi ya mwisho, ile ya maoni ya ziada, nikaandika sentensi ambayo sasa naijua kwa moyo:

Begi hili linabeba mahitaji ya siku ishirini na moja, na aliye nalo hana haja ya kurudi kituoni mapema.

Niliipenda sentensi hiyo. Niliisoma mara mbili kwa sauti.

Wachira akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye mabegi yakafika, moja kwa kila askari. Sajini akawasomea ripoti yetu kwenye gwaride, akamsifu Wachira mbele ya wenzake. Kisha akabandika ratiba mpya ukutani. Siku ishirini na moja porini, siku nne nyumbani. Hakuna tena kurudi kila wiki kufuata unga, kwa kuwa imethibitishwa na askari wao wenyewe kwamba hakuna haja.

Imethibitishwa. Na mimi, mezani kwangu, karibu na picha ya harusi.

Wake wa askari wengine hawajaninyamazia. Juzi nilipeleka maziwa, nikamkuta Mama Shiku kwenye foleni. Bwanake hutembea kikosi kimoja na Wachira.

"Ati wewe ndio bibi wa ripoti?" akaniuliza, kila mtu akisikia. "Nasikia hiyo begi iko na mifuko mingi sana. Si utuambie mabwana zetu wako kwa mfuko gani, tukawatoe?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu usipocheka unakuwa umekubali. Lakini Mama Shiku ana mtoto wa miezi mitano aliyekuwa analia akimwona baba yake hata baada ya siku tano tu, kwa kumsahau. Aliniambia hilo baadaye, akifunga kifuniko cha mtungi wake, bila utani wowote. Nilitazama viatu vyangu.

Na bado hilo si chungu kuliko lile la Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Wachira alikuwa anaondoka kwa safari ya kwanza ndefu. Nilimfungashia mwenyewe, vile vile, unga bapa, ndengu kikombeni. Nikamuuliza kama aliisoma ile sentensi ya mwisho kabla ya kutia sahihi.

"Niliisoma," akasema.

"Na ulijua watafanya hivi?"

Alikuwa anafunga kamba za buti. Akamaliza buti moja kwanza.

"Nilifikiria wanaweza. Lakini ulikuwa umefurahi, na ulikuwa umeandika vizuri. Sikutaka kukata kazi yako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alivaa begi, akakaza mkanda wa kiunoni kama tulivyofanya mazoezi, na alipofika langoni akageuka kunipungia mkono. Kisha akageuka tena, na mgongo wake ukawa begi tu lenye miguu mpaka ukungu ukalifunika.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo. Tuna miezi mitatu ya ndoa, na tayari tumenyamaziana jambo kubwa kwa sababu ya upendo. Mimi nililisifu begi mpaka nikampoteza, yeye akaniacha nimpoteze ili nisione haya. Je, ndivyo ndoa nzuri zinavyoumizana? Sikufundishwa hili kwenye semina ya maharusi.

Nimeandika karatasi nyingine leo. Ni fupi, mistari mitatu. Inasema kwamba mahitaji ya siku ishirini na moja niliyapima kwa unga na ndengu tu, na kwamba bwanake Mama Shiku ana mtoto. Nitaiacha kwa sajini mwenyewe, kwa mkono wangu, na safari hii jina litakuwa langu. Huenda isibadilishe chochote. Ratiba iko ukutani na mabegi yameshanunuliwa.

Lakini kuna Jumapili moja katikati ya doria, ya mwisho wa mwezi, ambapo jamaa wanaruhusiwa kufika kwenye lango la juu, pale msitu unapoanzia. Wachira alinitajia kwa haraka, kama kitu ambacho hakutegemea nikishike. Nimekishika.

Nitapika mukimo alfajiri, nitaufunga kwa majani ya ndizi na kitambaa, na nitaubeba kwenye kiondo alichonipa Maitu siku ya harusi. Ni kidogo, hakina zipu wala mfuko hata mmoja. Kinatosha chakula cha siku moja.

Kabla mwezi huu haujaisha, Wachira, nitakuja.