Kijana Aliyesimama Nyuma ya Gavana

Riverdale Park, Maryland
12 Oktoba 2025

Mpendwa Nyanya,

Chamgei? Kifua kimepona? Na macho, yale matone ya daktari yamesaidia? Sisi ni wazima. Mama bado yuko hospitalini na wagonjwa wake. Mdogo wangu Ethan anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza.

Tangu uniambie kwamba picha za ujana wa Babu ziliungua pamoja na nyumba, sikutulia. Nilikumbuka alivyokuandikia alipokuwa mwanafunzi huku, kwamba Rais alimtembelea gavana wa jimbo lao, naye akasimama karibu nao wakipigwa picha.

Wiki jana Mama aliomba ruhusa kazini, tukaenda kwenye hifadhi ya nyaraka. Kalamu tuliziacha mlangoni. Ndani ni penseli tu. Mzee Wayne, mtunza picha, alituletea masanduku manne ya ziara za marais kwa wakuu wa majimbo. Nyuma ya kila picha wameandika majina ya wakubwa. Wengine hawana majina.

Katika sanduku la tatu nilimwona kijana mwembamba nyuma ya gavana. Nilimkodolea macho mpaka Mama akasema, “Wee Jerotich, utamtoboa mtoto wa watu!” Muda ukaisha, tukafunga masanduku kabla ya kufikia la nne.

Lakini Nyanya, tazama sweta yake. Picha haina rangi, ila mwisho wa mkono wa kushoto ni mweupe kuliko sweta nzima. Uliniambia uzi ulikuishia ukimfumia sweta ya safari, ukamalizia mkono mmoja kwa uzi wa dada yako, na hukuamini angeivaa mbele za watu. Kama ni yeye, aliivaa mbele ya Rais.

Mimi sikumkuta Babu, na Mama alimjua akiwa mtu mzima. Sura ile unaijua wewe peke yako. Nimeomba nakala ya picha ikuzwe, nami nimeitia humu; Mjomba Kimutai akutolee kiti juani uitazame vizuri.

Mzee Wayne anasema familia ikithibitisha kwa maandishi, jina litaingizwa. Nimetia penseli ndani ya bahasha. Kama ni yeye, andika jina lake nyuma ya picha kwa mkono wako. Kama siye, irudishe hivyo hivyo. Nitaelewa, na nitarudi kufungua sanduku la nne.

Nisalimie Mjomba Kimutai na Shangazi Fidelis. Mungu akutunzie macho mpaka siku nitakapokuja uniangalie na mimi.

Mjukuu wako akupendaye na kukungoja,
Jerotich