Kura ya Darasa la Sita

Kupitia Mwandoya,
14 Juni 1995

Baba mpendwa,

Kuna mlio mmoja umenikaa masikioni tangu juzi, na sitaweza kukusalimu vizuri kabla sijakuambia. Ni mlio wa viganja vyangu mwenyewe. Nilipiga makofi darasani, watoto wote wamekaa mbele yangu, na hakuna hata mmoja aliyepiga pamoja nami. Paa ni la bati. Makofi yalinirudia makavu, mpaka nikaona aibu nikaacha.

Sasa nakusalimu. Mwadila, baba. Kifua kinaendeleaje na hilo vumbi la pamba? Jino la mama limetulia? Mimi ni mzima. Maji ya huku yana chumvi lakini nimeyazoea.

Nilikuandikia kuhusu semina ya Mwanhuzi, ile ya kutufundisha uchaguzi wa vyama vingi. Mwezeshaji alisema mtoto haelewi kura kwa kunakili ubaoni. Mpe karatasi, mpe sanduku, apige, mjadili baadaye. Basi nikaamua Darasa la Sita wamchague kiranja wao. Mpaka sasa viranja huteuliwa na Mwalimu Mkuu, Mwalimu Elia, ambaye huangalia tu nani ana sauti kubwa. Nilitoboa tundu kwenye boksi la sabuni, nikatundika khanga yangu pembeni iwe kituturi cha kupigia kura. Nikawaambia: andika jina la mtoto mmoja, kunja, asione mtu, hata mimi.

Baba, ungewaona! Watoto wanaogombania kipande cha chaki walisimama kwenye mstari kimya, hakuna aliyecheka, hakuna aliyechungulia cha mwenzake.

Aliyeshinda ni Milembe, kwa zaidi ya nusu ya darasa. Ni msichana mrefu, mgeni kijijini, anaishi na bibi yake Anyesi, na hesabu anazimaliza kichwani. Nilifurahi kwa sababu tangu Aprili alikuwa mpweke. Salu, aliyekaa naye dawati moja, alifariki kwa uti wa mgongo. Nikamfunga Milembe utepe mwekundu mkononi, nikapiga makofi. Alilia. Nilidhani ni furaha.

Na heshima wanayompa! Akiingia darasani wote wananyamaza. Kwenye mtungi wa maji wanamwachia nafasi, hakuna anayesukumana naye. Mwalimu Elia hajapata utii wa namna hiyo kwa fimbo. Ni yale makofi tu ambayo sijayaelewa.

Mwanao,
Felisita


Bariadi,
27 Juni 1995

Felisita mwanangu,

Barua yako imefika kwa dereva wa lori la pamba. Mama yako anakusalimu. Jino limeng'olewa, naye amerudi nalo nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Kifua changu ni kilekile. Tangu ushirika ututoe kazini napima pamba ya mnunuzi binafsi, kijana wa umri wako, ananiita "mzee" kwa sauti ya kumwita punda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka.

Hapo ulipo nimeshapima pamba, napajua. Mwaka jana Zengo, kamanda wa sungusungu wa hapo, aliitisha mkutano akasema ni wa josho la ng'ombe. Watu walipofika wakapewa karatasi. Andika jina la anayewaficha wezi wa ng'ombe, kunja, asione mtu. Jina lililozidi lilikuwa la Maganga fundi baiskeli, mtu mpole, kosa lake ni kutokuwa na ndugu wa kumsemea. Jua lilizama nyumba yake ikiwa majivu. Watoto wako hao walikaa juu ya ukuta wa ghala wakitazama. Nami nilikuwepo nikitazama, kwa hiyo sijitoi.

Sasa tumia hicho kichwa tulichokisomesha. Unakuja wewe mgeni na boksi lako, unasema ni la kiranja. Kiranja huteuliwa na Mwalimu Mkuu, kila mtoto anajua hivyo. Karatasi za kukunja hapo zina kazi moja. Waliona unawaficha jambo, kama Zengo alivyowaficha wazazi wao kwa josho, wakakusaidia. Wamekuandikia jina la mtu wa kuondolewa. Wewe ulisahau nani alikaa na marehemu. Wao hawakusahau.

Nawe ukamfunga utepe. Mwekundu!

Sisi tulichaguana kwa kunyoosha mikono juani. Ukimkataa mtu, anakuona, na kesho mnakutana kisimani. Nyinyi wasomi mmeleta pazia.

Baba yako


Kupitia Mwandoya,
21 Julai 1995

Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani nitauliza nikimaliza, maana sasa nitauliza bila kusikiliza.

Nilipopata barua yako niliingia darasani nikauliza waziwazi. Mektilda, anayekaa mbele, akasimama. Ni mtoto mzuri, ananibebea daftari kila siku.

"Mwalimu, kwani hukutaka tumtaje?"

"Mumtaje nani?"

"Aliyemla Salu."

Milembe alikuwa dawati la nyuma, peke yake, na ule utepe bado mkononi. Hakuwa ameuvua kwa sababu nilimwambia asiuvue.

"Salu aliugua," nikasema. "Mlimwona hospitali."

"Ndiyo, mwalimu, aliugua," Mektilda akasema, kwa upole, kama anayemsubiri mtu mzito wa kuelewa. "Wewe mwenyewe ulimpigia makofi. Tukajua umefurahi kumpata."

Niliuvua utepe. Nilichoma karatasi mbele yao. Nilifundisha somo la kiranja upya, kazi zake, sifa zake, nikawafanya waseme kwa sauti, wakasema vizuri sana. Nikaweka tena boksi. Nilijiambia kwamba wakielewa watarekebisha wenyewe, na hapo ndipo itakuwa elimu.

Karatasi zote zilikuwa na jina moja, baba. Hata wale waliomwonea huruma mara ya kwanza sasa wameogopa kuwa peke yao. Na kuna karatasi moja yenye mwandiko ninaoujua kwa herufi zake ndefu. Milembe naye amejiandika.

Habari zimeshafika majumbani. Wanawake kisimani wakimwona Bibi Anyesi wanafunika ndoo. Zengo alikuja shuleni kunisalimia, amevaa koti la mvua, nasi tuko kiangazi.

"Mwalimu, tunakushukuru. Yule bibi tulikuwa tunamwaza siku nyingi, ila tulikosa pa kuanzia."

Nikamwambia watoto wamekosea, na mwenye kosa ni mimi niliyewafundisha vibaya.

"Mtoto hadanganyi," akasema. "Na mjukuu hujifunzia wapi kama si kwa bibi? Wewe una mkono mwepesi, mwalimu. Sisi mwaka jana ilituchukua siku nzima." Akacheka, akaniachia viazi vitamu mlangoni.

Pamba ikishauzwa wataitisha mkutano wa karatasi. Wakimtaja Anyesi itakuwa kama kwa Maganga, na Milembe analala nyumba hiyohiyo. Mwalimu Elia anasema shule haiingilii mambo ya kijiji. Nimekwenda polisi. Waliniuliza kama kuna mtu aliyekwishapigwa. Nikasema bado. Wakaniambia nirudi akipigwa.

Anyesi hana pa kwenda. Nilimwuliza. Alinitazama mpaka nikainuka mwenyewe nikatoka.

Mama hajambo?

Mwanao,
Felisita


Bariadi,
4 Agosti 1995

Felisita,

Mama yako hajambo, ila nimemsomea barua yako na tangu hapo anavunja vyombo.

Sikiliza, maana sitasema mara mbili. Nimeonana na mtu wa elimu tuliyesoma naye. Kuna nafasi shule ya hapa mjini. Barua ya uhamisho itapita kwa Mwalimu Elia mwanzoni mwa Septemba. Sharti lake ni jalada safi. Usiwe na ugomvi na kijiji, usiwe na kesi polisi, na usiende tena kituoni kuwafundisha kazi.

Siku ya mkutano uwe na malaria. Jifunike blanketi, mwite jirani akuone unatetemeka. Atakayetajwa atatajwa. Huyo bibi si wa kwanza, na ukisimama mbele yake hutampunguzia kitu, utajiongeza tu wewe. Najua unaniona mtu mbaya. Nilipokuwa na umri wako nami nilitaka kuonekana mtu mwema, na kuna watu walilipia.

Ungekuwa mwanamume ningekuambia simama useme. Hapana, naandika uongo. Hata hivyo nisingekuambia.

Baba yako


Bariadi,
30 Agosti 1995

Felisita mwanangu,

Malori yanakuja kutoka Mwandoya bila barua yako. Dereva anasema mkutano umeshafanyika na hakuna nyumba iliyochomwa. Nilimwuliza habari za mwalimu wa kike. Anasema naye aliwauliza watu pale dukani, wakatema mate chini wakaendelea kupima sukari.

Mama yako ametandika kitanda chako. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


Kupitia Mwandoya,
9 Septemba 1995

Baba mpendwa,

Barua zako zote mbili ziko hapa mezani. Mwili wangu mzima. Msamehe mtu aliyenyamaza. Hapakuwa na mkono wa kubeba barua yangu mpaka lilipokuja gari la wachuuzi wageni wa kutoka Mwanza, ambao hawajui kitu.

Sikuugua malaria. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, mchana, wanaume mbele na fimbo zao, wanawake nyuma na watoto mgongoni. Zengo alisimama akasema, "Wengi wetu hapa kalamu inatushinda. Mwalimu atatuandikia. Si ndiye mwenye boksi?" Wakacheka, nami nikapelekwa nyuma ya khanga yangu, na boksi langu la sabuni. Nilikuwa nimekwenda kusimama na kusema. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilipokaa kwenye kile kiti nikajua hayatafaa kitu.

Waliokuwa wanajua kuandika waliandika wenyewe. Wengine, na ndio wengi, walikuja mmojammoja wakainama sikioni kwangu. Mzee Jilala, ananuka ugoro: "Anyesi. Andika kubwa." Mama yake Mektilda: "Anyesi. Usinitazame hivyo, mwalimu, nami nina watoto." Kijana mmoja alicheka tu akasema, "Hilohilo." Kila aliyenitajia Anyesi nilimwandikia "Mwalimu Felisita", nikaikunja, nikampa aitumbukize mwenyewe.

Bibi Anyesi naye alikuja, hawakumkataza. Aliinama akasema, "Mwalimu."

"Naam, bibi."

"Sikuiti. Nakutaja. Andika."

Hiyo ndiyo karatasi pekee niliyoandika kama nilivyoambiwa.

Mwalimu Elia ndiye aliyesoma. Jina la Anyesi lilitoka mara kadhaa, halafu likaja langu, likaja tena, na sauti yake ikawa inashuka. Niliwatazama, baba. Kila mmoja alijua yeye hakunitaja, akageuka kumwangalia wa pembeni akidhani ni yule. Na hakuna aliyethubutu kusimama na kusema, "Mimi nilimtaja Anyesi." Anyesi alikuwa amekaa palepale chini, mikono mapajani, na hakuna anayetaka kumtaja mchawi kwa sauti kisha mchawi huyo abaki nyumbani kwake akimjua.

Haikuchukua muda. Mzee Jilala ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mimi huyu nimemjua siku nyingi. Msichana mzima hana mume, anatembea akiongea peke yake."

"Amekuja mwaka huuhuu aliokufa Salu!" mwingine akadakia.

"Si ndiye aliyemfunga mtoto wa watu kitambaa chekundu?" alisema mama yake Mektilda, na sauti yake ilikuwa na huruma, huruma ya kweli, kwa Milembe. "Mtoto analia, yeye anacheka!"

Wakati mkutano unakwisha walikuwa wanaamini kabisa. Nadhani hata waliokuwa wamenong'ona. Mimi mwenyewe kuna dakika niliwasikiliza kama wanamsema mtu mwingine, nikaona wana hoja.

Zengo alisema nyumba ya mwalimu ni ya serikali, haichomwi. Basi nimetengwa. Hakuna kunisalimia, kuniuzia unga, kunipa moto, wala kuchota nami maji. Nachota peke yangu mchana, jua likiwa kali, wengine wakishaondoka. Chumvi nilikuwa nayo. Mahindi nanunua kwa hao wageni wa Mwanza.

Watoto wanakuja darasani kwa sababu Mwalimu Elia anawaingiza. Nikiingia hawasimami. Nikiuliza hawajibu kwa mdomo, wanaandika majibu kwenye daftari na kuliacha mezani wakishatoka. Milembe sasa anakaa katikati yao. Anakunywa kikombe kimoja na Mektilda. Juzi nilimsikia anacheka nyuma ya choo, sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake, ni kikubwa. Nilipotokea alinyamaza pamoja na wenzake akatazama chini. Shukrani sikutegemea. Kutazamwa tu nilitegemea.

Utasema nimejifanya mtu mwema na kuna mtu atalipia. Nimeliwaza hilo. Nilichoandika nyuma ya khanga ni wizi wa kura, na mimi ndiye niliyekuja hapa kufundisha kwamba kura haiibiwi. Jibu la hilo sitalitafuta kwenye barua.

Lakini kuhama, baba. Nikihama watasema wamemaliza kazi, na mtoto wa kwanza akiugua watatafuta jina jingine, na la karibu wanalo, la Anyesi. Nikikaa, kila homa ya kijiji hiki itakuwa yangu. Ndivyo ninavyowafaa.

Mwambie mama akitandue kitanda. Barua ya uhamisho ilifika Jumatatu. Nimeandika juu yake kwamba siupokei, nikasaini, nikaisukuma chini ya mlango wa Mwalimu Elia, maana nikibisha hafungui. Aliipiga muhuri bila kutoka nje, na leo asubuhi mfuko wa barua za elimu umekwenda nayo.

Mwanao,
Felisita